"Lend" na "Borrow": Ni Nani Atoaye, na Ni Nani Apokeaye?

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo dogo la lugha ya Kiingereza, ambalo katika maisha ya kila siku huleta matata makubwa kuliko udogo wake. Nalo ni matumizi ya neno "lend" pamoja na mwenziwe, "borrow". Maneno haya husemwa nyumbani, dukani, shambani, ofisini na benki. Na kwa kuwa yahusu mali ya watu, kosa lake si kosa la kuchekesha tu. Mtu aweza kukosea jina la mnyama kwa Kiingereza, wenzake wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Lakini akikosea neno la deni, aweza kujifanya mdeni hali yeye ndiye mwenye kudai.

Wako watu wasemao ya kwamba, maadamu msikilizaji amefahamu, Kiingereza kikiwa kibovu si neno. Hoja hiyo ina ukweli kidogo. Ukisimama mbele ya mwenzako, ukanyosha mkono kuelekea kalamu yake na kusema "Borrow me your pen", atakupa kalamu, kwa sababu ameuona mkono wako. Lakini barua haina mkono, wala hati ya deni haina macho. Neno likiisha kuandikwa hubaki peke yake kutoa ushahidi, na mwenye kulisoma hana la kumwongoza ila neno lenyewe.

Asili ya Kosa

Kosa hili halitokani na ujinga. Latokana na Kiswahili chetu chenyewe. Kwa Kiswahili neno "kuazima" lina pande mbili. Twasema, "Nimeazima jembe kwa jirani," maana yake jembe ni la jirani nami nimelichukua kwa muda. Tena twasema, "Jirani ameniazima jembe," na hapo pia jembe ni la jirani, lakini sasa msemo waanza na yeye mwenye mali. Neno ni lile lile. Kinachotuonyesha ni nani mwenye jembe ni silabi ndogo tu, "-ni-", iliyoingia katikati. Msikilizaji wa Kiswahili hutosheka na alama hiyo, wala hapotei.

Kiingereza hakikuiachia alama ndogo kazi hiyo. Kimetenga maneno mawili mbalimbali, moja la mwenye kutoa na moja la mwenye kupokea. Mwenye mali anapotoa kitu chake ili kirudishwe baadaye, tendo lake laitwa "lend". Yule anayekipokea ili akirudishe, tendo lake laitwa "borrow". Jembe ni moja, safari yake ni moja, lakini majina ni mawili, kama vile barabara moja iitwavyo ya kwenda mjini na watu wa shamba, na ya kwenda shamba na watu wa mjini.

Basi mtu akiuchukua msemo wa Kiswahili, "Niazime kalamu yako," na kuugeuza neno kwa neno, huja kusema "Borrow me your pen." Kwa sikio la Mwingereza msemo huo umevunjika, kwa maana ni kama kumwambia mwenye kalamu apokee kalamu ambayo tayari ni yake. Iliyo sawa ni "Lend me your pen," au "May I borrow your pen?" Katika msemo wa kwanza twaomba yeye atoe, katika wa pili twaomba ruhusa sisi tupokee. Kalamu itakuja mkononi mwako kwa njia zote mbili.

Njia za Kukumbuka

Njia ya kwanza tunayo ndani ya Kiswahili. Tunapozungumza juu ya fedha, hatusemi "kuazima" tu, bali twatenga maneno mawili, "kukopa" na "kukopesha". Hapana mtu asemaye "Tajiri amenikopa shilingi mia" akiwa na maana ya kwamba tajiri amempa fedha, husema "amenikopesha". Basi kumbuka hivi: "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha, hata kama kitu chenyewe ni jembe, kitabu au mwavuli. Mwenye kushika kanuni hiyo moja ameshika nusu ya somo la leo.

Njia ya pili ni kupima msemo wako kwa maneno mepesi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza ayajua, "give" na "take", yaani kutoa na kuchukua. Mahali pa "lend" weka "give". Mahali pa "borrow" weka "take". Msemo ukisimama, umesema sawa. "Give me your hoe" wasimama, kwa hiyo "Lend me your hoe" wasimama pia. Lakini "Take me your hoe" hauna maana ya kupewa jembe, kwa hiyo "Borrow me your hoe" nao wakataliwa. Vivyo hivyo "I took a book from the teacher" wasimama, na kwa hiyo "I borrowed a book from the teacher" ni sawa.

Angalieni pia neno dogo lifuatalo. "Borrow" huandamana na "from", kwa sababu kitu chatoka kwa mwenyewe. "Lend" huandamana na "to", kwa sababu kitu chaenda kwa mwingine. Hapa nasi twategwa na Kiswahili, maana neno letu "kwa" hufanya kazi zote mbili: twasema "natoka kwa Mwalimu" na tena "nakwenda kwa Mwalimu". Mtu hutafuta neno moja la Kiingereza la "kwa", akaokota "to", akasema "I borrowed a bicycle to my friend." Msikilizaji hushindwa kujua baisikeli ilikuwa ya nani. Ikiwa ulipewa, sema "I borrowed a bicycle from my friend." Ikiwa ulitoa, sema "I lent a bicycle to my friend," au kwa ufupi, "I lent my friend a bicycle."

Wakati Uliopita, na Hatari ya L na R

Kwa wakati uliopita, "borrow" haina taabu, huwa "borrowed". Lakini "lend" haifuati njia hiyo. Si "lended", bali ni "lent", kama vile "send" huwa "sent" na "spend" huwa "spent". Leo, "I lend". Jana, "I lent". Na hata tukisema jambo lililokwisha, "I have lent".

Na hapa pana shimo jingine. Baadhi ya lugha za nchi yetu hazina sauti ya L, kama Kikuyu, na nyingine hazitengi sana L na R. Si aibu kwa mtu kuwa na ulimi wa kwao. Lakini katika neno hili yampasa kujihadhari, maana "lent" ikitamkwa kwa R huwa "rent", na "rent" ni kupanga nyumba au kodi ya nyumba. Mtu aliyesema "I lent him my room" ameazima chumba chake bure kwa mgeni. Aliyesema "I rent him my room" anadai kodi kila mwisho wa mwezi. Baina ya wema na biashara pamesimama herufi moja. Mwenye taabu hii na aweke ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu aitamke L polepole, au atumie msemo mwingine usio na hatari, kama "He may use my room; he does not pay."

Neno hili "rent" lina funzo la ajabu. Kwa Kiingereza lina pande mbili, sawasawa na "kuazima" letu. Mpangaji husema "I rent a house from him," na mwenye nyumba naye husema "I rent a house to him." Neno ni moja kwa wote wawili! Lakini Kiswahili kimetenga: mmoja hupanga, na mwingine hupangisha. Kwa hiyo mtu asidhani ya kwamba Kiingereza ni lugha yenye akili nyingi na Kiswahili ni lugha ya kubahatisha. Kila lugha hutenga pale ilipopenda kutenga, na huchanganya pale isipoona taabu. Kazi ya mwenye kujifunza ni kuijua mipaka hiyo, asiingie shamba la lugha nyingine na ramani ya shamba la kwao.

Karatasi ya Deni

Sasa niwape mfano mmoja wa kufikiri, tuone hasara ilivyo. Tuseme yuko fundi cherehani, mtu mwaminifu, aliyemkopesha mkulima shilingi elfu tano za kununua mbegu. Fundi hupenda Kiingereza, na katika daftari lake aandika hivi: "I borrowed the farmer 5,000 shillings." Moyoni mwake ana maana ya kwamba amemkopesha mkulima. Mkulima naye aandika katika daftari lake maneno yale yale kwa upande wake, kwa sababu ndivyo wasemavyo wote wawili.

Fundi akafariki kabla ya mavuno. Mjane wake alifungua daftari pamoja na kijana mmoja wa skuli ili kujua mali na madeni ya marehemu. Yule kijana amefundishwa vizuri, akasoma na kusema, "Mama, hapa marehemu asema ya kwamba alikopa shilingi elfu tano za mkulima. Imesahauliwa 'from' tu." Basi mjane, ambaye ndiye mwenye haki ya kulipwa, aanza kuuza kuku alipe deni lisilokuwapo. Ikiwa mkulima ni mtu mwenye haya, atakataa fedha na kueleza kweli. Ikiwa si mwenye haya, atanyamaza apokee. Na wazee wakiitwa kuamua, watatazama nini? Watatazama karatasi, nayo karatasi haisemi sawasawa.

Maneno mawili tu yangaliokoa nyumba hiyo: "lent to". "I lent 5,000 shillings to the farmer." Hapo hapana mtoto wa skuli, wala mzee wa baraza, wala hakimu, awezaye kuuliza ni nani anayedai. Tena ingalifaa zaidi kuweka tarehe, siku ya kulipa, na sahihi za wote wawili pamoja na shahidi. Na ikiwa mtu hana hakika na Kiingereza chake, basi na aandike kwa Kiswahili: "Nimemkopesha." Hati ya Kiswahili iliyo wazi ni bora mara mia kuliko hati ya Kiingereza yenye kiza. Wazee wa pwani walikuwa na maneno yao ya jambo hili: mwenye kudai aliitwa mwia, na mwenye kudaiwa aliitwa mwiwa. Herufi moja tu yatenga maneno hayo, nao waliilinda herufi hiyo kama mtu alindavyo fedha zake.

Siku hizi jambo hili limezidi kuwa la lazima. Tangu mwaka 2012, ilipoanzishwa huduma ya M-Shwari nchini Kenya, watu wengi wamezoea kukopa kwa simu, na masharti mengi ya mikopo huandikwa kwa Kiingereza. Katika masharti hayo, na katika fomu za benki na za vyama vya akiba na mikopo, utakuta majina matatu. "Lender" ni mkopeshaji. "Borrower" ni mkopaji. Na "guarantor" ni mdhamini, yaani mtu anayeahidi ya kwamba mkopaji akishindwa, yeye atalipa. Kabla hujaweka sahihi, tafuta ni jina gani lililo chini ya mstari wako. Asiyejua tofauti ya "borrower" na "guarantor" aweza kudhani ametoa ushahidi wa urafiki tu, kumbe ameutia mshahara wake katika deni la mwingine.

Kuomba, Kukopa Dukani, na Kutumia

Yako pia mambo ambayo Kiswahili huyaita kukopa au kuazima, lakini Kiingereza hakiyaiti "borrow". Mtu akichukua sukari dukani na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, sisi husema amekopa sukari. Lakini ukimwambia Mwingereza "I borrowed sugar from the shop," atafikiri ya kwamba utarudisha sukari nyingine, si fedha. Msemo wake ni "I took sugar on credit." Kwa jirani ni tofauti, maana jirani hurudishiwa kibaba cha sukari kwa kibaba cha sukari; hapo "borrow" hufaa kabisa.

Tena, kitu usichoweza kukichukua ukaenda nacho hakiazimwi kwa Kiingereza, bali hutumiwa. Usiseme "May I borrow your bathroom?" kana kwamba utakibeba choo cha mtu hadi nyumbani kwako. Sema "May I use your bathroom?" Na kitu usichokusudia kurudisha kisiitwe "borrow" hata kidogo. Ukitaka kupewa, sema wazi ya kwamba unaomba. Kuomba si dhambi. Lakini kuomba kwa jina la kuazima huharibu ujirani, na kwa lugha yo yote matokeo ni mamoja.

Juu ya adabu nasema neno moja. Kwa Kiswahili "Niazime" lina upole wake, hasa likitanguliwa na "tafadhali" au "naomba". Kwa Kiingereza "Lend me", likisemwa peke yake kwa mtu usiyemzoea au kwa mkubwa wako, husikika kama amri. Ni heri kusema "Could you lend me your umbrella, please?" au "May I borrow your umbrella?" Na ukirudisha, sema "Thank you for lending me your umbrella." Usiseme "Thank you for borrowing me", maana utaharibu shukrani yako siku ile ile ya kurudisha.

Asili ya Maneno Haya

Labda wengine wapenda kujua maneno haya yalitoka wapi. "Borrow" ni neno la Kiingereza cha kale sana, na asili yake ni neno lililokuwa na maana ya rehani au dhamana. Yaani zamani mwenye kupokea mali ya mwenziwe alifikiriwa kwanza kuwa mtu aliyeweka amana ya neno lake. "Lend" nalo ni la zamani, na ni ndugu wa "loan", yaani mkopo; ile D ya mwisho haikuwapo hapo kale, iliongezeka baadaye. Neno "loan" hutumiwa huko Marekani hata kama tendo, badala ya "lend", lakini katika Kiingereza cha Uingereza ni salama zaidi kulitumia kama jina la mkopo wenyewe: "The bank gave me a loan."

Hata lugha zenyewe huazimana. Kiswahili kilichukua "kitabu" kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno na "shule" kwa Wajeremani. Kiingereza nacho kilichukua "safari" kwetu. Kwa Kiingereza maneno kama hayo huitwa "borrowed words", ingawa mpaka leo hapana aliyeyarudisha, wala hapana aliyekwenda kuyadai. Hilo ndilo deni la pekee duniani lisilomfilisi mtu.

Zoezi

Sasa jaribuni misemo hii mitano. Funikeni majibu kwa mkono kwanza.

1. Tafadhali niazime mwavuli wako.
2. Nimeazima baisikeli kwa kaka yangu.
3. Chama kilimkopesha mama shilingi elfu kumi.
4. Mpangaji amekopa mchele dukani.
5. Ni nani aliyekuazima kitabu hiki?

Na majibu yake ni haya:

1. "Could you lend me your umbrella, please?"
2. "I have borrowed a bicycle from my brother."
3. "The society lent my mother ten thousand shillings."
4. "The tenant has taken rice on credit from the shop."
5. "Who lent you this book?"

Huo wa tano ndio uwaangushao wengi, ambao husema "Who borrowed you this book?" Upimeni kwa "give" na "take", nanyi mtaona mara moja.

Mabibi na Mabwana, wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kupokea ni ya furaha, na siku ya kulipa ni ya huzuni. Na katikati ya siku hizo mbili hakuna kiwakumbushacho watu mapatano yao ila maneno waliyoyasema na kuyaandika. Basi tuyaseme sawasawa. Anayetoa, "lends", anayepokea, "borrows", na aliyepokea, kwa lugha yo yote, hana budi kurudisha.